Tundu moja kitovuni: kinachobadilika na kisichobadilika katika upasuaji wa figo na tezi dume

Mgonjwa akiambiwa figo yake itatolewa kupitia tundu moja kitovuni, haraka anaelewa kwamba upasuaji wenyewe ni mdogo. Sivyo. Figo ni ile ile, ateri inayoilisha ni ile ile, na damu inayopita humo kila dakika ni nyingi vile vile. Kilichopungua ni chale za kwenye ngozi: badala ya tatu hadi tano za upasuaji wa kawaida wa matundu madogo, inabaki moja. Ndani ya tumbo kazi haikupungua, bali imekuwa ngumu zaidi, na ugumu huo unabebwa na mikono ya daktari. Daktari asipojua mipaka yake, unamwangukia mgonjwa. Mgonjwa akilielewa hilo mapema, ataweza kupima vizuri kile anachoahidiwa.

Upasuaji wa figo kwa matundu madogo ulianza tarehe 25 Juni 1990, Ralph Clayman na wenzake walipotoa figo ya mwanamke wa miaka 85 huko St. Louis, Marekani. Kwa miaka kumi na saba iliyofuata madaktari waliboresha njia hiyo bila kugusa sana idadi ya matundu. Ripoti za kwanza za kutoa figo kupitia tundu moja zilitoka mwaka 2007, na Julai 2008 wataalamu walikutana Cleveland, Ohio, wakakubaliana juu ya jina LESS (kifupi cha Kiingereza cha upasuaji wa tundu moja kwa kamera) na masharti yake. Sharti moja linafaa kukumbukwa: kuongeza kifaa chembamba kama sindano, cha milimita 2 au 3, hakuondoi upasuaji kwenye kundi hili. Tangu mwanzo, basi, waliobuni njia hii walijua kwamba tundu moja lingehitaji msaidizi mara kwa mara.

Kitovu kilichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza ni kovu tulilozaliwa nalo, kwa hiyo kovu jipya likiwa ndani ya mkunjo wake halionekani. Pili, hapo ukuta wa tumbo hauna msuli. Tabaka zote zimeungana kuwa utando mmoja mgumu, fashia, na ukiukata sentimita 2 hadi 3 umeingia tumboni. Lakini kitovu kina kasoro zake. Kimezama ndani, kinahifadhi uchafu na bakteria, na lazima kisafishwe kwa pamba hadi chini kabisa kabla ya kupakwa dawa ya kuua vijidudu. Tena kwa mtu mnene kitovu hushuka, na umbali kutoka hapo hadi ncha ya juu ya figo unakuwa mrefu kiasi kwamba vifaa vya kawaida havifiki vizuri. Ndiyo maana madaktari wengi huwa waangalifu BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) inapozidi 30, na wengine huhamisha chale pembeni, kwenye ukingo wa msuli mrefu wa tumbo, wakikubali kovu lionekane ili wapate pembe nzuri ya kufanyia kazi.

Kwenye chale hiyo huwekwa mlango wa raba au jeli wenye njia tatu au nne: moja ya kamera, mbili za mikono ya daktari, na nyingine ya kupitishia stepla (kifaa kinachofunga mshipa kwa pini na kuukata) au kifaa cha kufyonzea damu. Walau njia moja lazima iwe na upana wa milimita 12, vinginevyo stepla haipiti. Kuna milango inayouzwa ikiwa tayari, kama GelPOINT na TriPort, na kuna hospitali zinazotengeneza wa kwao: pete ya kupanulia jeraha inafunikwa kwa glavu ya upasuaji, kisha troka, yaani mirija ya kupitishia vifaa, zinafungwa kwa uzi kwenye vidole vya glavu. Mlango wa glavu unafanya kazi, tena una faida kwamba vidole vinacheza kwa uhuru. Tatizo lake kubwa ni gesi kuvuja kila glavu inapotoboka au uzi unapolegea.

Sasa tuje kwenye kiini cha ugumu. Katika upasuaji wa kawaida wa matundu madogo, kamera inakaa katikati na kila mkono unaingia kupitia tundu lake, kiasi cha sentimita 8 hadi 10 pembeni. Vifaa viwili vinakutana mbele ya kamera kwa pembe pana, na zile sehemu tatu zinaunda pembetatu. Pembetatu hiyo ndiyo inayompa daktari uwezo wa kushika, kuvuta na kukata kama anavyofanya kwa mikono yake. Vifaa vyote vikipita tundu moja, pembetatu inatoweka. Vinakwenda sambamba, kama mtu anayejaribu kufungua fundo lililo ndani kabisa ya kibuyu kwa vijiti viwili huku akichungulia kupitia mdomo ule ule. Nje, vishikio vinagongana. Ndani, kamera inasukuma koleo, koleo linasukuma kamera, na picha kwenye skrini inayumba.

Dawa za tatizo hilo ziko kadhaa na hakuna inayolimaliza. Kamera ndefu, ya sentimita 50 hivi, humwondoa anayeishika kwenye mikono ya daktari. Yenye ncha inayopinda ni bora zaidi, na waya wake wa taa unapaswa kutokea nyuma badala ya ubavuni. Vifaa viwili vitofautiane urefu ili vishikio visikae usawa mmoja. Kimoja kiwe kimenyooka na kingine kimepinda au kiwe na kifundo kinachokunjika. Daktari akitumia vifaa viwili vilivyopinda, mara nyingi huvipishanisha kwenye tundu, na hapo mkono wa kulia unatokea kushoto kwenye skrini. Ubongo unalizoea jambo hilo kwa mazoezi mengi. Lakini damu ikianza kutoka ghafla, ni hapo hapo mazoea ya zamani hurudi na mkono ukaenda upande usiotakiwa.

Kinachopotea zaidi ni uwezo wa kuvuta. Upasuaji salama wa figo hauendi kwa kukata tu. Unakwenda kwa kuvuta tishu pande mbili zinazopingana mpaka katikati yake kutokee utando mlegevu mweupe, mfano wa utando wa buibui. Ukikata hapo, damu haitoki. Mvuto ukiwa dhaifu, utando huo haujitokezi, na daktari anabaki kukisia mpaka wa mafuta, utumbo na mshipa. Madhara mengi yanayoelezwa kuhusu upasuaji wa tundu moja yana chanzo hicho kimoja, ingawa yanaandikwa kwa majina tofauti.

Tuchukue utoaji wa figo ya kushoto tuone hatua zake. Mgonjwa analazwa usingizi kamili, anawekewa mpira wa mkojo ili kibofu kiwe tupu, na mpira mwingine unashushwa tumboni kupitia puani au mdomoni ili tumbo la chakula lisivimbe. Anageuzwa ubavu kwa kiasi cha nyuzi 45 hadi 60, anafungwa vizuri kitandani, na sehemu zote za shinikizo zinawekewa mito. Wakati mwingine kitanda kitainamishwa zaidi ili utumbo uanguke upande wa pili, na mgonjwa asiyefungwa vizuri anaweza kuteleza. Kaboni dioksidi inapulizwa hadi shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo huingia kwenye damu, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi huongeza upumuaji wa mashine ili kuitoa. Mkojo pia hupungua wakati tumbo limejaa gesi. Hiyo si dalili kwamba mgonjwa anahitaji maji mengi ya dripu, na kumjaza maji kwa sababu hiyo peke yake ni kosa.

Daktari huanza kwa kukata utando unaoshikilia utumbo mpana kwenye ukuta wa pembeni, kisha anausogeza katikati. Chini ya figo anatafuta ureta (mrija unaoshusha mkojo hadi kibofu) na vena ya korodani, au ya ovari kwa mwanamke, vikiwa vimelala juu ya msuli mrefu unaopita kando ya uti wa mgongo. Ananyanyua vyote viwili pamoja na ncha ya chini ya figo, na kuanzia hapo anapanda. Upande wa kushoto vena hiyo inaingia moja kwa moja kwenye vena ya figo, hivyo ukiifuata itakufikisha. Upande wa kulia inaingia kwenye vena kuu ya mwili, na anayeivuta kwa nguvu anaweza kuichana pale pale inapoungana. Zaidi ya hapo, upande wa kulia ini linafunika njia, na kulinyanyua karibu kila mara kunahitaji kifaa cha ziada cha milimita 3 kinachoingia chini ya mbavu.

Mlango wa figo, pale mishipa inapoingia na kutoka, ndipo upasuaji wote unapoamuliwa. Ateri ya figo kwa kawaida imelala nyuma ya vena, na lazima ifungwe kwanza. Ukifunga vena kwanza, damu inaendelea kuingia bila pa kutokea, figo inavimba na kila kitu kinatoka damu. Ateri inafungwa kwa stepla ya mishipa, au kwa klipu: mbili au tatu upande unaobaki mwilini na moja upande wa figo, kisha inakatwa katikati. Baada ya hapo daktari husubiri kidogo na kutazama vena. Ikinywea, sawa. Ikibaki imetuna, kuna ateri nyingine ambayo haijafungwa, na takriban mtu mmoja kati ya wanne ana zaidi ya ateri moja kwenye figo. Picha za CT (za mionzi kwa kompyuta) zilizopigwa kabla ya upasuaji zinapaswa kuwa zimeshaonyesha hilo, lakini anayetazama vena kabla ya kuikata anajihakikishia mara ya pili kwa sekunde chache tu.

Stepla nayo ina mtego wake. Meno yake yakiuma juu ya klipu iliyowekwa awali, inakwama katikati: imeshakata sehemu ya mshipa lakini haijaufunga, na haifunguki. Kwenye tundu moja hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu kamera inatazama kutoka nyuma, sambamba na stepla, na ncha ya taya zake haionekani. Kanuni ni kutoifyatua mpaka ncha zote mbili zionekane na pasiwe na klipu katikati. Kwa mtu anayetoa figo kumpa ndugu yake, jihadhari zaidi: klipu za plastiki zinazojifunga, aina ya Hem-o-lok, zimekatazwa na mtengenezaji kwa ateri ya mtoaji tangu mwaka 2006, kwa sababu kisiki kinachobaki ni kifupi na klipu inaweza kuchomoka. Ateri ya mtoaji inataka njia inayopita kwenye ukuta wenyewe wa mshipa, kama stepla au mshono.

Figo ikishaachia, inaingizwa kwenye mfuko na kuvutwa nje. Hapo hesabu ya urefu wa chale inarudi. Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na ikiwa na saratani haikatwikatwi ovyo ndani ya tumbo, kwani uvimbe unatakiwa kupimwa ukiwa mzima. Chale ya sentimita 2.5 itapanuliwa hadi 5 au 6, wakati mwingine zaidi. Jambo hili lina maana mbili. Kwa figo kubwa yenye saratani, faida ya urembo inapungua sana, kwa kuwa hata upasuaji wa matundu manne ungehitaji chale kama hiyo ya kutolea figo. Kwa mtoaji figo hali ni tofauti: chale ya kutolea haiepukiki, basi ni busara kufanyia kazi yote humo humo. Fashia hupanuliwa kabla ya kufunga ateri, ili figo isikae na joto la mwili bila damu kwa zaidi ya dakika chache.

Damu ikitoka kwa nguvu, hatua zinafuatana bila ubishi. Bonyeza kwa shashi. Pandisha shinikizo la gesi hadi milimita 20 kwa muda mfupi, maana linapunguza damu ya vena. Mwambie mtaalamu wa usingizi. Ongeza matundu mawili mara moja, upate tena pembetatu yako, kisha ndipo utafute panapovuja. Kufyatua klipu kwenye dimbwi la damu usiloona ndani yake kumegeuza michubuko midogo ya vena kuwa majeraha makubwa. Na kama bado haizuiliki, tumbo linafunguliwa. Kuongeza tundu kusihesabiwe kushindwa. Tunalisisitiza kwa sababu mgonjwa akiwa ameahidiwa tundu moja kwa sauti kubwa, daktari huchelewa kuvunja ahadi hiyo, na dakika anazochelewa ni za damu.

Jeraha la utumbo ni la kuogopwa kwa namna nyingine, kwa sababu hujificha. Ndoano ya umeme au mkasi wenye umeme ukigusa utumbo nje ya eneo ambalo kamera inaliona, ukuta unaungua bila kutoboka hapo hapo. Kwenye tundu moja vifaa vinapita vikiwa vimebanana, hivyo sehemu ndefu ya kifaa inakuwa nyuma ya picha. Utumbo unaweza kutoboka siku chache baadaye, mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Dalili zake hazifanani na za tumbo lililotoboka kwa kawaida: maumivu yanayoongezeka karibu na chale, tumbo kujaa, kuharisha, na wakati mwingine chembe nyeupe za damu kupungua badala ya kupanda. Mgonjwa ambaye siku ya tatu ana maumivu kuliko ya siku ya kwanza hapewi vidonge na kuambiwa asubiri, anapigwa CT.

Upasuaji gani basi unafaa? Ule wa kutoa au kupasua tu, usiohitaji kushona sana: figo ndogo isiyofanya kazi, uvimbe wa maji kwenye figo, tezi adrenali iliyo juu ya figo, mishipa iliyovimba ya korodani. Kurekebisha makutano ya figo na ureta yaliyobana kunawezekana, lakini hapo lazima kushona kwa uzi mwembamba wa namba 4-0 au 5-0, na kushona ndipo kukosekana kwa pembetatu kunapouma kuliko popote. Madaktari wengi huongeza kifaa cha milimita 3 kwa ajili ya mkono wa pili na hawajutii. Kukata sehemu ya figo yenye saratani na kushona iliyobaki, huku ateri imebanwa na kila dakika inakula uhai wa figo, si kazi ya kuanzia. Utoaji wa tezi dume kwa vifaa vya mkononi kupitia kitovu ulifanywa na wachache na haukuenea, kwa sababu mshono wa kuunganisha kibofu na njia ya mkojo uko ndani kabisa ya fupanyonga.

Ushahidi unasema nini? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya wagonjwa 1,076 wa upasuaji wa tundu moja kutoka taasisi 18. Karibu mmoja kati ya watano alibadilishiwa njia, wengi wao kwa kuongezewa matundu, na waliofunguliwa tumbo walikuwa kama asilimia 1. Kumbuka kwamba hao ni wagonjwa waliochaguliwa, waliopasuliwa na mikono yenye uzoefu mkubwa. Tafiti zinazolinganisha tundu moja na matundu kadhaa kwa ujumla zinaonyesha kwamba tundu moja lina muda mrefu zaidi mezani, kovu linalowaridhisha zaidi wagonjwa, na maumivu yanayopungua kidogo au kutopishana. Nafuu ya kweli kubwa ilipatikana pale upasuaji ulipotoka kwenye chale ndefu ya ubavuni kwenda kwenye matundu manne. Kutoka manne kwenda moja, hatua ni fupi. Mgonjwa anayejali kovu ana haki ya kuithamini hatua hiyo, mradi asiambiwe kwamba ni salama zaidi.

Kilichoirudisha hoja ya tundu moja ni roboti. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha roboti ya da Vinci SP kwa upasuaji wa mfumo wa mkojo. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 25, na ndani yake vinapita vifaa vitatu vya milimita 6 pamoja na kamera inayopinda. Kila kifaa kina kiwiko na kifundo, kwa hiyo vikishatoka bombani vinatanuka na pembetatu inarudi, lakini sasa iko ndani ya mwili. Vinahitaji nafasi ya kutanukia, kama sentimita 10 kutoka mdomo wa bomba. Bomba likisogezwa karibu kuliko hapo, viwiko vinabaki vimefungwa. Ndiyo maana mara nyingi huachwa likielea juu ya ngozi, ndani ya mlango wa plastiki uliojaa gesi. Vifaa hivyo ni vyembamba na havishiki kwa nguvu kama vya roboti ya mikono minne, kwa hiyo tishu nzito zinamshinda anayezivuta kwa mazoea ya zamani.

Faida kubwa ya roboti hii, kwa maoni yetu, haiko kitovuni kabisa. Kwa kuwa inahitaji nafasi ndogo, inaweza kuingia moja kwa moja kwenye kibofu kupitia chale juu kidogo ya mfupa wa kinena, ikafika kwenye tezi dume bila kugusa uvungu wa tumbo. Inaweza pia kupita nyuma ya utando wa tumbo hadi kwenye figo. Kwa mgonjwa aliyewahi kupasuliwa tumbo mara nyingi na utumbo wake umegandamana, njia hiyo inaondoa hatari yenyewe ya kuupita utumbo. Kwa tezi dume iliyotolewa kupitia kibofu, baadhi ya vituo vinawaruhusu wagonjwa siku hiyo hiyo na kutoa mpira wa mkojo baada ya siku chache.

Mwishoni mwa upasuaji, fashia ya kitovu inafungwa kwa uzi unaoyeyuka polepole, wa namba 0 au 1, kila mshono ukionekana kwa macho kabla ya kukazwa. Chale hii ni ndefu kuliko tundu lolote la kawaida, na ikifungwa kizembe inazaa ngiri. Kisha ngozi ya kitovu inashonwa ishikamane tena na fashia ili kitovu kirudi ndani. Mgonjwa anaanza kutembea siku ya kwanza, na maumivu ya bega siku mbili za mwanzo hutokana na gesi kukera kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kitovu kikauke vizuri baada ya kuoga, na kisifukiwe kwa pamba iliyolowa. Kunyanyua vitu vizito kusubiri wiki 4 hadi 6. Homa, usaha kitovuni, uvimbe unaojitokeza mtu akikohoa, mkojo kupungua ghafla, au tumbo linalozidi kuuma badala ya kupoa, kila kimoja kati ya hivyo ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.